Kilatini Kimo Simuni, Kiiraqw Je?

Mwezi Juni nilikwenda Mbulu kumjulia hali shangazi yangu. Nilimkuta ameketi juani, mgongo ukiuegemea ukuta wa nyumba, kwa kuwa baridi ya nyanda za juu za Mbulu mwezi huo haina mzaha hata saa nne ya asubuhi. Kando yake alikuwapo mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu anayesoma seminari ndogo, aliyekuja kwa likizo. Kijana huyo amelelewa Babati mjini. Alikuwa ameinamia simu yake akifanya zoezi la Kilatini, na kila alipopatia, simu ilitoa mlio mdogo wa kumpongeza.

Siku nne kabla, shangazi alikuwa ametoka hospitali na dawa. Kibahasha kiliandikwa 1×3, na ndani yake mlikuwa na karatasi ya daktari yenye vifupisho viwili: t.d.s. na p.c. Kijana aliichukua, akaisoma, akachangamka. “Mjomba, hiki ni Kilatini! Ter die sumendus, post cibum. Ya kumezwa mara tatu kwa siku, baada ya chakula.” Akanifafanulia hata umbo la neno sumendus, kwamba hutaja jambo linalopasa kutendwa. Nilimpongeza kwa dhati. Mimi mwenyewe niliyapata maneno hayo kwa viboko, miaka mingi iliyopita.

Kisha nikamwuliza shangazi jinsi anavyozimeza. Alikuwa akimeza vidonge vyote vitatu kwa mpigo, alfajiri, kabla ya kutia kitu tumboni. Huko hospitali alielezwa kwa Kiswahili, naye akaitikia kwa adabu, kama wazee wetu wanavyomwitikia kila mtu mwenye koti jeupe. Kijana akajaribu kumweleza upya, lakini Kiiraqw chake ni cha kuitikia salamu na kuomba maji. Nikaingilia kati. Nilianza vizuri, ila nilipofika mahali pa kueleza kwa nini dawa igawanywe asubuhi, mchana na jioni, ulimi ukateleza ukaangukia kwenye Kiswahili. Aliyetuokoa ni mtoto wa jirani, wa darasa la nne, aliyekuja kurudisha sufuria. Alisema sentensi mbili tu. Shangazi akacheka, akapiga goti lake kwa kiganja, na tangu mchana huo dawa ikafuata utaratibu.

Ndugu wasomaji, sikuileta habari hii ili kuwashtaki wauguzi, ambao kazi yao ni kubwa na muda wao ni mfupi. Nimeileta kwa sababu ya kijana yule na mimi. Tulikuwa wasomi wawili tuliokisoma Kilatini cha kwenye karatasi bila kigugumizi, na hatukuweza kukifikisha mahali kilipotakiwa, umbali wa hatua mbili. Hoja yangu leo ni kwamba Kilatini si adui katika kisa hiki. Kinaweza kuwa mwalimu wetu, iwapo tutakubali kujifunza jinsi lugha isiyo na mtoto hata mmoja anayeizungumza tangu utotoni ilivyojipatia makao ndani ya simu, huku lugha ya mamia ya maelfu ya watu ikikaa nje mlangoni.

Tuanze na kilichomo ndani ya simu ile. Mwanafunzi wa Kilatini aliye Dongobesh au Katesh, mradi ana bando, ana maktaba ambayo padri wa miaka ya 1950 asingeiota. Kuna Perseus, hazina ya matini za kale inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, ambayo kazi yake ilianza miaka ya 1980. Ukigusa neno lolote katika hotuba ya Cicero, unaelezwa nafsi, njeo, idadi na maana yake, na nyuma yake inasimama kamusi kubwa ya Lewis na Short ya mwaka 1879. Kuna Words, programu ndogo iliyoandikwa na William Whitaker, inayochambua neno hata simu isipokuwa na mtandao. Kuna The Latin Library kwa anayetaka matini tupu. Duolingo ilifungua kozi ya Kilatini mwaka 2019. Wikipedia ya Kilatini ina makala zaidi ya 100,000. Kiiraqw hakina Wikipedia kabisa.

Wala si kusoma tu. Redio ya taifa ya Finland ilitangaza habari za dunia kwa Kilatini kila wiki, kuanzia mwaka 1989 hadi 2019. Wafini si wazao wa Warumi, na lugha yao haina undugu wowote na Kilatini. Walipoacha, Redio Vatikani ilianza mwaka huohuo kipindi chake kifupi cha kila wiki kwa lugha hiyo. Tarehe 11 Februari 2013 Papa Benedikto wa Kumi na Sita alipowatangazia makardinali kwa Kilatini kwamba anajiuzulu, mwandishi Giovanna Chirri wa shirika la habari la Italia, ANSA, aliwatangulia wenzake kuipasha dunia habari kwa sababu moja: alielewa kilichosemwa.

Je, Kilatini kilipataje haya yote? Si kwa wingi wa wasemaji, kwa kuwa wasemaji wa asili hakina. Si kwa utajiri pekee, kwa kuwa zana kadhaa kati ya hizi ni kazi za walimu na wapenzi walioanza na kidogo. Kilipata kwa sababu kila kizazi kilipewa kazi ya kukifanyia na kazi ya kukitumia. Kanisa lilikidai: mpaka Misa ilipoanza kusomwa kwa lugha za watu mwaka 1965, mkulima wa Mbulu aliitikia kwa Kilatini bila kujua kusoma, na hata leo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 249, inataka waseminari wakijue vyema. Tabibu alikidai kwenye cheti cha dawa. Mwanasheria alikidai mahakamani. Mtaalamu wa mimea alikidai kiasi kwamba, hadi mwisho wa mwaka 2011, mmea mpya haukuhesabika kuwa umetangazwa kisayansi mpaka uelezwe kwa Kilatini. Palipo na dai, kamusi huandikwa. Palipo na kamusi, mazoezi hufuata.

Sasa nigeukie kosa tunalolifanya katika ufundishaji wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo kijana wetu anapopotezewa nguvu. Perseus, Words na Duolingo zote humweleza mwanafunzi kwa Kiingereza. Kijana wa Mbulu anayetaka kwenda Roma hupitishwa kwanza London, na huko hukaa njiani miaka miwili. Jambo la kusikitisha ni kwamba njia ya mkato anayo nyumbani.

Tazama. Mroma alisema amo, amas, amat. Sisi husema napenda, unapenda, anapenda. Katika lugha zote mbili mtendaji amo ndani ya kitenzi: Kilatini humweka mwishoni, Kiswahili humweka mwanzoni. Amat haielezi kama anayependa ni mwanamume au mwanamke. Vivyo hivyo anapenda. Amabo ni neno moja, nitapenda ni neno moja. Amatur ni anapendwa, neno kwa neno, ilhali Mwingereza anahitaji maneno matatu. Domi ni nyumbani. Kilatini kilikuwa na umbo lake la mahali, nasi tuna -ni yetu. Mwanafunzi wa Kiingereza hutoka jasho akiambiwa kwamba kivumishi lazima kifuate nomino yake, puer bonus, puella bona, vinum bonum. Mtoto anayesema mtu mwema, kitu chema na divai njema amekuwa akiufanya upatanisho huo tangu anyonye. Na sumendus iliyomfurahisha kijana yule ni nini, kama si “ya kumezwa” yetu ya kila siku?

Anayezungumza Kiiraqw ana akiba zaidi. Maarten Mous, katika sarufi yake ya Kiiraqw iliyotoka mwaka 1993, anaonyesha kwamba nomino za lugha hiyo zina jinsia tatu: ya kiume, ya kike na isiyo ya kiume wala ya kike. Ndizo tatu za Kilatini. Anaonyesha pia kwamba nomino ya Kiiraqw hubadilika mwishoni inapofuatwa na neno la kuieleza, na kwamba kitenzi hupenda kukaa mwisho wa sentensi, kama kinavyopenda katika nathari ya Cicero. Mambo matatu yanayowatisha wanafunzi wa Ulaya, mtoto aliyerudisha sufuria anayo kinywani. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa anayo. Anachoambiwa shuleni ni kwamba ile ni “lugha ya nyumbani”, na sauti ya msemaji hushuka kidogo anapoitaja.

Kwa hiyo, kwa vijana wanaosoma Kilatini katika seminari kama ya Sanu pale Mbulu, na kwa wale wa vyuo vikuu wanaokitafuta kwa ajili ya sheria, historia au falsafa, nina ushauri wa vitendo usiohitaji bando kubwa. Pakua Words mara moja uitumie bila mtandao, lakini uifungue baada ya kujaribu mwenyewe. Mwenye kugusa kila neno kabla ya kufikiri hujua kugusa tu. Tafuta kitabu cha Mdenishi Hans Ørberg, Lingua Latina per se illustrata, kinachofundisha Kilatini kwa Kilatini chenyewe, kwa picha na ramani, bila kupitia lugha nyingine. Soma kwa sauti, maana lugha isiyopita kooni haikai kichwani.

Zaidi ya yote, fanya zoezi la kwenda na kurudi. Roger Ascham, aliyemfundisha Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, alilipendekeza katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1570, na mpaka leo sijaona programu iliyolishinda. Chukua aya fupi ya Kilatini, uitafsiri. Funga kitabu. Kesho yake, chukua tafsiri yako uirudishe katika Kilatini, kisha linganisha na asili. Makosa yatajionyesha yenyewe. Ascham alitumia Kiingereza kwa sababu kilikuwa lugha ya mama ya wanafunzi wake. Wewe tumia Kiswahili Jumatatu, na Alhamisi tumia Kiiraqw au Kidatooga. Utakwama. Utakapokwama, utalazimika kwenda kumwuliza bibi yako jinsi jambo fulani linavyosemwa, naye atakupa neno ambalo huenda halijaandikwa popote. Liandike. Umefanya kazi mbili kwa zoezi moja.

Nasema liandike kwa sababu kazi hii haianzii sifuri. Mwaka 2002 Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling walichapisha kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza. Profesa Qorro ni mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa utetezi wake wa Kiswahili kama lugha ya kufundishia. Biblia ipo kwa Kiiraqw. Ipo slufay, ile dua ndefu ya baraka ambayo mzee huitamka na kusanyiko huitikia kwa pamoja. Na kama kuna mtu anatafuta mfano wa mazoezi ya lugha yenye majibizano, atazame pale kabla ya kutazama simu. Tunacho cha kuanzia. Lakini kamusi ile ilichapishwa Köln, Ujerumani, na maelezo yake ni ya Kiingereza. Mwanafunzi aliye Haydom ana njia fupi zaidi ya kuifikia Lewis na Short ya mwaka 1879 kuliko kuifikia kamusi ya lugha inayozungumzwa sokoni mbele yake.

Watumishi wa umma wanaonisoma watauliza jambo hili linawahusu nini. Linawahusu sana, hasa walioko Hanang. Wilaya hizi mbili ni mahali pa nadra barani Afrika: Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatooga cha Wabarbaig ni cha Kiniloti, majirani wa upande wa Singida wanazungumza lugha za Kibantu, na Wahadzabe wa Yaeda Chini wana lugha isiyothibitika kuwa na ndugu. Afisa anayepangiwa huko anaingia katika makutano ya lugha ambayo wataalamu huvuka bahari kuja kuyaona, naye hupewa gari na posho, asipewe hata ukurasa mmoja wa salamu.

Kila mwanafunzi wa sheria ya ardhi hukutana na kesi ya kijiji cha Mulbadaw, wilayani Hanang, dhidi ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kuhusu ardhi iliyochukuliwa kwa mashamba ya ngano. Wanakijiji walishinda Mahakama Kuu mwaka 1984, wakashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Hukumu zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza, katika taaluma ambayo mtu huulizwa locus standi yake kabla ya kuulizwa malisho yake. Sidai kwamba lugha peke yake ndiyo iliyowanyima ushindi. Ninachosema ni kwamba mfugaji wa Kibarbaig aliyeathirika alitenganishwa na uamuzi juu ya maisha yake kwa kuta tatu: Kilatini cha mawakili, Kiingereza cha mahakama, na Kiswahili cha mkalimani. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, yamebomoa ukuta mmoja mnene. Tushukuru, na tukumbuke kwamba zilizobaki hazitaanguka zenyewe. Na Mungu atuepushie, lakini siku ya maafa kama ile ya tarehe 3 Desemba 2023, tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuifikia Katesh, onyo humfaa mtu likimfikia kwa lugha anayoiotea ndoto.

Najua pingamizi mbili zitakazokuja. Ya kwanza: Kilatini ni anasa ya wakoloni na mapadri, tukiache. Siafiki. Aliyeliona hilo vizuri ni Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1963 alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar na kuwafanya Warumi wabishane kwa Kiswahili. Hakuogopa mali ya wengine. Aliileta nyumbani na kuifanyia kazi. Kilatini kikiletwa nyumbani namna hiyo, kitamfunulia mtoto wetu muundo wa lugha zake mwenyewe. Kikiachwa London, kitamfundisha kuzidharau.

Ya pili ni nzito zaidi: kuinua lugha za makabila kutavunja umoja tuliojengewa na Kiswahili. Umoja huo nami nauthamini. Makala hii nimeiandika kwa Kiswahili na sioni lugha nyingine ya kuiandikia. Lakini Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997, ambayo ni sera ya serikali na si ya wanaharakati, inasema wananchi waendelee kuzitumia lugha zao za asili na kujivunia, na inahimiza uandishi wa kamusi na vitabu vya sarufi vya lugha hizo. Afisa utamaduni anayeogopa kuligusa jambo hili anaogopa maagizo yake mwenyewe. Wala sioni umoja gani ungevunjika kama shangazi yangu angeelezwa dawa yake kwa maneno anayoyaelewa.

Napendekeza mambo matatu madogo. Walimu wa Kilatini waandike somo la kwanza kwa Kiswahili, kurasa kumi tu za kuanzia, wakilinganisha amatur na anapendwa, domi na nyumbani, kisha waziweke mtandaoni bure. Vyuo vyenye wanafunzi kutoka Mbulu, Hanang na Karatu viwape kazi ya muhula ya kurekodi na kuandika maneno mia mbili kutoka kwa wazee wao, kwa ridhaa ya wazee hao, badala ya insha ya tatu kuhusu utandawazi. Na idara za afya za wilaya ziandae sentensi hamsini za Kiiraqw na hamsini za Kidatooga, zilizorekodiwa kwa sauti ya mtu wa mahali hapo: meza moja asubuhi, moja mchana, moja jioni, meza baada ya kula, usimalize dozi kwa siku moja, rudi ukiona damu. Muuguzi aliyetoka Mtwara au Kagera ataibonyeza simu yake, na mgonjwa atasikia.

Hilo la tatu halihitaji mfadhili. Linahitaji simu, mtu mmoja anayejua kuandika, na mtoto mmoja wa darasa la nne aliyekuja kurudisha sufuria. Kijana wetu wa seminari amekwisha kuanza. Juzi alinitumia ujumbe: ameandika sentensi kumi na mbili, bibi yake amesahihisha tisa, na amegundua kuwa alama ya mkwaju, inayotumika kuandikia sauti moja ya kooni katika Kiiraqw, inajificha kwenye ukurasa wa pili wa vitufe vya simu yake. Vitufe vya Kilatini, anasema, havina tatizo lolote.